Infinity War kwa jicho la mtoto wa kulelewa

Nasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa. Ingawa muvi yenyewe ni ya Aprili 2018, na nadhani nimebaki peke yangu Morogoro nzima kuiona mwaka huu kwa mara ya kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, Kihonda. Msimu wa sare za shule tunashona mpaka saa sita usiku, na ili mabinti ninaowafundisha kazi wasisinzie juu ya sindano, naweka muvi kwenye kompyuta ndogo juu ya kabati la vitambaa. Kijana wa duka la muvi hapo mtaani anakurushia kwenye flashi, mia tano moja, ukichukua kumi anakuongezea ya bure. Nilimwambia anipe ya mapigano, ndefu, iliyotafsiriwa, maana kazini macho yangu yako kwenye pindo na masikio ndiyo yanayoangalia muvi. Akanipa Avengers: Infinity War, dakika 149. "Fundi, hii ina masteringi kibao," akasema, "lakini wewe muangalie adui."

Sisi tuliokulia kibanda umiza tunajua adui ni mtu wa kupigwa dakika kumi za mwisho. Steringi hafi. Humu adui anafungua muvi akiwa ameshashinda na anaifunga ameshinda, na masteringi wanageuka majivu mmoja baada ya mwingine huku mabinti wangu wamesimamisha vyerehani. Anaitwa Thanos, jitu la rangi ya zambarau kutoka sayari ya Titan, kidevu kina mistari utadhani jembe la ng'ombe limepita. Anatafuta mawe sita. Akiyapata yote anapiga vidole mara moja, ta, na nusu ya viumbe wote wa ulimwengu wanatoweka. Hoja yake ni kwamba walaji wamezidi chakula. Kwao Titan alishauri wauawe nusu kwa bahati nasibu, tajiri na maskini bila upendeleo, wakamwona kichaa, sayari ikafa. Kwenye vitabu vya katuni alikotoka mwaka 1973, kazi ya mchoraji Jim Starlin, anaua kwa sababu anataka kumpendeza Mauti, ambaye huko ni mwanamke. Waandishi wa filamu wamemwondolea mchumba wakampa mabinti. Ni uamuzi bora kuliko yote waliyofanya humu.

Mimi nilianza kuangalia kwa macho pale binti alipoingia.

Gamora ni wa kijani, mpiganaji, na hakuzaliwa na Thanos. Filamu inaturudisha siku alipochukuliwa. Majeshi yameingia kwao, watu wanakimbia, na mtoto mdogo anauliza mama yangu yuko wapi. Lile jitu linachuchumaa, linamuuliza jina, linamsifu kwamba yeye ni mpiganaji, njoo nikusaidie. Mtoto anakishika kidole. Wanaenda kukaa kivulini. Thanos anatoa kisu kidogo chenye ncha pande mbili, anakisimamisha juu ya kidole, kinatulia hakiangukii kushoto wala kulia. Kila kitu kinatakiwa kiwe hivi, anamwambia, jaribu wewe. Nyuma yao watu wa kwao mtoto wamegawanywa mafungu mawili. Mtoto anataka kugeuka kuangalia, yeye anamrudisha kwenye kisu: tuliza akili. Risasi zinalia kwa fungu moja. Kisu kimesimama kwenye kidole cha mtoto, na baba mpya anampongeza.

Nilichomoa mguu kwenye pedeli.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka minane, baba ameshafariki, na mjomba alikuja kunichukua kwa mama ng'ambo ya Mto Kilombero. Daraja bado, tulivuka kwa kivuko kuja upande wa Ifakara. Mama alibaki ukingoni na kanga yake mdomoni. Kivuko kilipong'oa, mjomba alinishika kichwa, kwa upole kabisa, akakigeuzia upande wa pili. "Tazama viboko." Sikuona kiboko hata mmoja siku ile, niliangalia maji tu mpaka tukafika. Viboko vya aina nyingine aliviona binamu yangu baadaye, nitafika huko.

Nisieleweke vibaya. Mjomba hakuua mtu. Alinisomesha, alinivisha, na cherehani yangu ya kwanza, Butterfly nyeusi ambayo bado inapiga kazi kwenye kona ile, aliinunua yeye. Ndiyo maana muvi hii ilinikaba. Ingekuwa adui wa kawaida ningemchukia nikaendelea na vifungo vyangu.

Kuna tukio ndani ya chombo chake cha angani, baada ya kumteka Gamora aliyekuwa amemtoroka miaka. Anamletea chakula kwenye bakuli. Mtu ana ulimwengu mzima wa kuua, lakini amekumbuka kwamba mtoto hajala! Gamora analirusha bakuli lile kwenye kiti cha enzi. Nilikichukia kiti hiki siku zote, anasema. Baba anajibu, ulishaniambia, na nilitarajia siku moja utakikalia wewe. Nilikichukia chumba hiki, chombo hiki, maisha yangu. Na hilo pia ulishaniambia, kila siku, karibu miaka ishirini. Hakasiriki. Anajibu kama mzee anayemhesabia mtoto vitu alivyopoteza shuleni, na ukisikiliza vizuri kuna kufurahia humo: ulikuwa unanitukana, lakini ulikuwa hapa.

Halafu linakuja lile neno. Gamora anamwambia nilikuwa mtoto uliponichukua, naye anajibu: nilikuokoa. Kwenu mlikuwa mnalala njaa, mnaokoteza makombo. Watoto waliozaliwa kule baada yangu hawajui njaa. Gamora anamkumbusha kwamba ni kwa sababu aliua nusu ya watu, naye anaona hiyo ni bei ndogo.

Nilikuokoa. Mimi nimelisikia neno hilo jikoni, nimelisikia mbele ya wageni, nimelisikia siku za matokeo. Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Mjomba alikaa na habari hiyo siku tisa, mpaka nimalize mitihani ya muhula. Siku ya kunieleza alianza na "umeshika namba moja," ndipo akaniambia, na mazishi yalikuwa yameshapita. Hakufanya kwa ubaya. Mpaka leo anaamini alipima, na mzani wake ulisimama sawa.

Sasa niizungumzie kopi yenyewe, maana nimelipa. Picha safi, haikatikikatiki. Mtafsiri ni yule wa sauti nzito ambaye mitaani wengi wanampenda, na kwenye vita ni fundi kweli. Kule Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika wanakopigania vita vya mwisho, mabinti walicheka mpaka mmoja akajidunga sindano. Shida ni kwamba hajui kunyamaza. Thanos ana binti wa pili, Nebula, ambaye nusu ya mwili wake ni chuma, na mtafsiri muvi nzima anamwita "yule roboti". Hapana, kaka. Yule ni mtoto aliyegeuzwa chuma kipande kwa kipande na baba yake. Ukimwita roboti umeiua hadithi.

Na kule juu ya jabali, kwenye sayari ya Vormir, ambako ndiko moyo wa muvi uliko, Gamora anasema sentensi fupi sana, kwamba hiki si kitu cha kuitwa upendo. Mtafsiri akasema, "Hayo si mapenzi bwana!" Mabinti wakaangua kicheko, kwa sababu "mapenzi" kwa jinsi tunavyolitumia ni ya vijana na simu usiku. Ningekuwa mimi ningesema "Huku si kupenda," basi, nikae kimya. Lakini pia nimpe haki yake. Mahali ambapo Thanos kwa Kiingereza anamwita jina la kumdekeza mtoto mdogo, yeye aliweka "mwanangu", na akalisema taratibu. Nisamehe, mwanangu. Kwa lugha yetu lile lina uzito zaidi, kwa sababu mwanangu ni wangu, umilikaji umo humohumo ndani ya neno. Sijui kama aliwaza hivyo au alikuwa amechoka.

Kesho yake niliirudia ile isiyotafsiriwa, yenye maandishi ya Kiingereza chini, peke yangu, bila kushona. Nikaona nilichokuwa nimekikosa: mapovu.

Gamora anajua siri ya mahali jiwe moja lilipo, na anajua baba akimkamata atamtoa siri hiyo. Kwa hiyo mapema anamwapisha mpenzi wake, Quill, kwa jina la mama yake, kwamba baba akimshika, amuue. Wanafika Knowhere, mahali pengine huko angani, Gamora anamchoma baba yake, jitu linaanguka, na yeye, badala ya kushangilia, analia. Kumbe ni kiini macho. Thanos halisi anatokea na anachokitaja kwanza ni yale machozi: moyoni nilijua bado unanijali. Mtu ametegewa afanye jambo la kutisha kuliko yote maishani mwake, na baba analitumia kupima kama anapendwa. Kisha Quill anatimiza kiapo, anavuta kidude cha bunduki, na mdomoni mwa bunduki yanatoka mapovu ya sabuni. Kule jabalini Gamora anapoelewa kinachokuja, anamnyang'anya baba kisu, kile kile cha utotoni, anajielekezea mwenyewe. Mapovu tena. Mchezo wa watoto. Baba ana uwezo wa kukigeuza kisu kuwa chochote, akachagua kitu cha kumchekesha mtoto wa miaka sita. Hata kifo chake binti hapewi akishike mwenyewe.

Sheria ya jabali ni kwamba anayetaka jiwe la roho lazima atoe anachokipenda. Gamora anapoisikia anacheka, kwa furaha ya kweli. Maisha yote aliota siku baba atakaponyimwa, na leo ameomba zawadi akaambiwa hapana, kwa sababu hapendi kitu, hapendi mtu. Baba anageuka na machozi yanamtoka. Gamora anashangaa, machozi, wewe? Yule mlinzi wa jabali ndiye anayemwambia kwamba baba hajililii yeye mwenyewe. Uso wa Zoe Saldaña, anayemwigiza Gamora, pale, chini ya rangi yote ile ya kijani, unapita sehemu nne kwa muda wa kumeza mate: dharau, mshangao, karibu furaha kwamba kumbe nilipendwa, halafu hesabu inakamilika kichwani. Josh Brolin, ndiye Thanos, kwa upande wake alicheza na vidoti usoni na kamera mbele ya pua, lile jitu likachorwa baadaye kwenye kompyuta, na bado mdomo unatetemeka kama wa mzee wa kweli.

Hapo mabinti wangu waligombana mpaka kesho yake mchana. Mmoja anasema jiwe lilikubali, kwa hiyo alimpenda kweli, kesi imekwisha. Mwingine anasema mtu hampendi mtu akamburuta kwa mkono na kumtupa. Mimi nasema jiwe liliuliza tu nini kitamuuma yeye akikikosa. Gamora halikumuuliza kitu. Kitu kinaweza kukuuma ukikipoteza kwa sababu unakipenda, au kwa sababu ni chako, na muvi kwa dakika chache inajua tofauti hiyo kabisa.

Halafu inaisahau, na hapa ndipo ninapoipunguzia nyota moja. Tangu pale kamera inamfuata baba. Muziki wa msiba ni wake. Binti tunamwona chini mara moja, kama nguo iliyoanguka kwenye kamba, baba anazinduka kwenye maji na jiwe mkononi. Mwishoni kabisa, akishapiga vidole, anajikuta mahali penye mwanga wa machungwa, na Gamora mdogo yupo, yule wa kisu. Umefanya? Ndiyo. Imekugharimu nini? Kila kitu. Nilisikia mtu akisema mstari huo ulimliza. Mimi ulinikera. Amemtia kwenye orodha ya gharama, na hata huko kwenye roho yake anamkumbuka akiwa na umri ule wa kumshika kidole. Yule mtu mzima aliyerusha bakuli hajamweka.

Nimesema nitafika kwa binamu.

Katika Infinity War Nebula ananing'inizwa hewani vipande vyake vikiwa vimevutwa mbalimbali, waya zinaonekana, na baba anazidi kuvivuta mpaka Gamora aitoe ile siri. Inamtosha kuwa chombo cha kumtesea mwenzake. Lakini ukitaka kumwelewa tafuta Guardians of the Galaxy Vol. 2, ya 2017. Kijana wa duka ananiambia watu wanaichukua kwa ajili ya kamti kadogo kanakocheza, mimi niliichukua kwa ajili ya dakika mbili za Nebula. Thanos alikuwa anawapiganisha mabinti. Kila Gamora aliposhinda, Nebula aling'olewa kitu kikawekwa chuma, ati afanane na dada yake. Jicho, ubongo, mkono. Na anamwambia Gamora usoni: wewe ulitaka kushinda, mimi nilitaka dada tu. Karen Gillan, anayemwigiza Nebula, alinyoa kipara kwa kazi hii ile mara ya kwanza, na sauti anayoitoa ni ya mtu aliyekwaruzwa koo kwa ndani.

Mimi na binamu tulisoma darasa moja. Mimi wa tatu, yeye wa thelathini na ngapi. Mjomba alikuwa anaziweka ripoti mbili mezani, ubavu kwa ubavu, anamwita. "Mtoto wa dada yangu, hana baba, anakula uji huuhuu unaokula wewe." Kisha fimbo. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na kikombe cha mjomba cha chai, na nitasema ukweli kwa sababu huku hakuna anayenijua: muhula uliofuata nilikuwa naongeza bidii. Sikuwaza kwamba kila nikipanda ngazi moja kuna mtu anateremshiwa kitu mwilini. Tena mimi ndiye niliyejiona mnyonge wa nyumba ile, kwa kuwa sikuwa kwetu.

Baada ya kuona tukio lile la Nebula nilimwandikia binamu, saa saba usiku, yuko Mbeya. Nikaandika "nisamehe kwa zile ripoti". Akajibu asubuhi: "Ripoti gani tena dada, umeamkaje?" Hatujaizungumzia mpaka leo. Ila Jumapili iliyofuata alipiga yeye, bila sababu, akanieleza bei ya viazi kwa nusu saa.

Nyota: filamu nne kati ya tano, tafsiri mbili na nusu, duka tano, kijana ni mwaminifu, ukiletea flashi yenye virusi anaisafisha bila kukudai. Vita vya kule Wakanda sina la kusema, ni vizuri, ni virefu. Kama unanunua kwa ajili ya vita, chukua iliyotafsiriwa. Kama una mzazi aliyewahi kukuambia nilikuokoa, chukua isiyotafsiriwa, na usiiangalie na kazi mkononi.

Picha ya mwisho ni Thanos ameketi mlangoni mwa kibanda, jua linachomoza, anatabasamu kidogo. Yale mashamba ya ngazi mbele yake ni matuta ya mpunga ya Banaue, Ufilipino. Mjomba wangu naye alirudi kwenye mpunga alipostaafu. Alikuja mjini mwezi uliopita nikampima suruali. Mabega yameshuka, kiuno kimepungua inchi nne tangu vipimo vya mwisho nilivyoandika kwenye daftari. Nilikuwa nimeizungusha tepu nikamsikia anauliza, "Nilikubana sana, eti?" Nikadhani anaongelea tepu, kumbe mwenye tepu ni mimi. Nikamwambia, "Geuka mjomba, nipime na nyuma."

Ile ya kufuatia, Endgame, ya 2019, ina dakika 181. Humo baba anamgeukia Nebula, anamwambia labda nilikuwa mkali mno kwako, na sentensi haijapoa shoka linapita shingoni mwake. Nimeshairusha kwenye flashi. Nasubiri binamu aje Desemba.